Albamu ya Nyumba Iliyohamwa

Mkenya na muziki wa kantri usijaribu kuwatenganisha, utajichosha bure. Kagendo aliupata kwao Meru, kwenye redio ya babake, kila Jumapili baada ya kanisa. Alipofika Texas kusomea uuguzi alikuwa anazijua nyimbo za watu wa huku kuliko wenyeji aliosoma nao. Wakamcheka. Yeye naye akawacheka, maana hata ubeti wa pili hawakuujua.

Leo ni muuguzi wa wagonjwa wa figo pale Arlington, jirani na Dallas, mke wa Shem, mama wa watoto wanaomjibu Kiingereza hata akiwagombeza kwa Kimeru. Na anatunga. Nyimbo zake ni kantri iliyochovywa kwenye soul, ule muziki wa Wamarekani weusi: gitaa la taratibu, kinanda cha kanisani, sauti inayotoka tumboni. Mwaka jana alijifungia kwenye kabati la nguo, haya ya huku anamoingia mtu mzima, katikati ya sare zake za kazini, akarekodi albamu nzima peke yake. Watoto walipelekwa kwa Flaviana, Shem akaambiwa atembee kwa vidole, na ole wake atakayekohoa.

Huyu Flaviana ni Mtanzania wa DeSoto, mji wa jirani, dada yake wa hiari. Ndiye aliyempokea Kagendo akiwa mgeni asiyejua hata pa kununua unga, akamlisha, akamfundisha kuendesha gari. Nyimbo zile alizisikia kabla ya mtu mwingine yeyote, jikoni kwake, akiziitikia huku anakatakata mboga.

Albamu ilipotoka, wahakiki wakaandika. Wa Dallas walisifu mpaka Kagendo akaona aibu. Lakini mama mmoja wa Houston aitwaye Whitney, ambaye neno lake linasikilizwa na wenye kumbi, aliandika kwamba sauti ni nzuri, tungo ni safi, ila albamu inasikika kama imeimbwa kwenye nyumba iliyohamwa. Jamani! Sifa zote za Dallas zikayeyuka. Kagendo akabaki na hilo moja, akazunguka nalo wodini kutwa.

Ndipo ukumbi mmoja mdogo wa Houston ukamwalika aimbe Jumamosi alasiri, na Whitney akatuma neno kwamba atakuja kumsikiliza tena. Akimridhisha huyu, kumbi nyingine zitafunguka. Akimkosa, basi, arudi kabatini. Shida ilikuwa watu wake. Ukumbi ule ni wa kukaa na kusikiliza, hata kijiko hakilii. Na watu wetu nani asiyewajua? Wimbo ukiwagusa wanainuka, wanakuja mbele wakicheza, wanamtuza mwimbaji kwa kumfunga kanga mabegani, na vigelegele juu. Kagendo alimfikiria Whitney akitazama vurugu ile. Akampigia Flaviana simu, akazunguka mbuyu weee, mwisho akaomba: wasiinuke, wasiitikie, wasimtuze. Flaviana akasema sawa, siku ni yako.

Wakaja, wa DeSoto na wa Cedar Hill, wamependeza kama wanakwenda harusini. Wakakaa nyuma, mikono mapajani, kama watoto wanaosubiri kuchomwa sindano. Kagendo akaimba wimbo wa kwanza, akapata makofi ya adabu. Wa pili, adabu tena. Whitney alikuwa mbele kabisa, anaitazama meza yake. Kwenye wa tatu, ule wa jikoni, Kagendo alifika mahali ambapo siku zote Flaviana humwitikia. Akangoja bila kujua kwamba anangoja. Kimya. Akatazama nyuma, akamwona dada yake amebana midomo, machozi yanamtoka, amejizuia kwa sababu aliombwa ajizuie.

Hapo ndipo Kagendo alipoielewa ile nyumba iliyohamwa. Waliokuwamo aliwahamisha yeye mwenyewe.

Akalishusha gitaa, akasema kwenye kipaza sauti, kwa Kiswahili, mbele ya ukumbi mzima: "Dada Flaviana, nimekukosea. Njooni."

Nani alingoja kuambiwa mara ya pili? Flaviana alitangulia, kiuno mbele, itikio limeshamtoka kabla hajafika, na wenzake nyuma yake na vigelegele vyao. Wenyeji wakageuka kwenye viti, kisha wakaanza kupiga makofi kwa mdundo, na bibi mmoja akainua mkono kama yuko kanisani kwake. Whitney alikuwa amesimama. Flaviana akatoa mkobani kanga mpya, akamfunga Kagendo mabegani.

"Kumbe ulikuwa nayo muda wote?" Kagendo akamnong'oneza.

"Mdogo wangu, nije kwenye shughuli yako mikono mitupu? Nilijua utatuita."

Whitney aliandika tena wiki iliyofuata: anayetaka kuzisikia nyimbo hizi, azisikie wakiwepo wenyewe. Shem kayabandika maneno hayo kwenye friji, na mialiko imeanza kuja. Kagendo anamshukuru Whitney, tena sana, hasa kwa lile neno la kwanza lililomuuma. Lakini shukrani kubwa ameiweka DeSoto. Albamu ya pili anairekodi huko, jikoni kwa Flaviana, mlango wazi, sufuria zinachemka, watoto wanapita. Na anayekohoa, akohoe.