Mguu Ambao Mama Hakuugusa

Mpaka leo nikikumbuka, hasira hunipanda. Mume wangu alirudi Werugha akitembelea vidole vya mguu wa kulia. Wakati wa vita vya Wajerumani alibebeshwa mizigo ya jeshi kutoka Voi hadi ng'ambo ya Taveta, akaumia kisigino. Kidonda kilipona, lakini kwa woga alizoea kukiinua kisigino, hata shavu la mguu likakaza na kisigino kikakataa kushuka. Mashamba yetu yako kwenye mteremko mkali, na mvua zilikuwa karibu. Asiyekanyaga sawasawa hawezi kulima pale, na mtoto wetu alikuwa bado ananyonya.

Mkandaji wa kutegemewa alikuwa mmoja tu: mama yangu mzazi. Watu waliletwa kwake kutoka Mghange wamebebwa, wakarudi kwa miguu yao. Lakini kwa desturi yetu mama mkwe na mkwewe hawatazamani, sembuse kushikana miguu!

"Mama, huyu ni mgonjwa," nilimwambia.

"Ni mkwe wangu. Unataka nivunjiwe heshima uzeeni?"

Mume wangu alikuwa mbaya zaidi. "Afadhali nitambae," alisema. Heshima gani hiyo? Jeshi limemtumikisha kama punda, hakuona aibu; mkono wa mama ndio wa aibu?

Mwishowe wakakubali, mradi wasionane: mama akakaa nje, nyuma ya ukuta wa nyasi, mume wangu ndani, na mimi katikati nikikimbia huku na huku. Mama ananipaka mimi mafuta ya mbarika, ananikanda shavu langu la mguu, zima kabisa, ili nijue pa kubonyeza. Nazunguka mbio kabla sijasahau, namkanda mume wangu, halafu namsukuma unyayo taratibu kuelekea gotini.

"Mwambie alegeze!" mama anapaza sauti.

"Mwambie nimelegeza!"

"Ambianeni wenyewe!" niliwafokea. Kila mmoja akazidi kuniita mimi. Jioni zote tulikuwa hivyo hivyo, na vidole gumba vyangu vilivimba bila mtu wa kunipa pole.

Mvua zilipoanza, mimi na mume wangu tukishuka shambani, tulikutana na mama njiani. Akaruka pembeni, akatugeuzia mgongo. Mume wangu akajifunika uso kwa shuka, akapita na jembe begani. Nilitamani kumshika mama mabega nimgeuze kwa nguvu.

"Kisigino kimegusa chini?" aliniuliza huku akiyatazama majani.

"Geuka uone!"

Hakugeuka. "Niambie tu, mwanangu."

Kimegusa, nikamwambia, nikilia kwa uchungu. Akaitikia kwa kichwa kwa furaha, akaenda zake.

Wazee walimruhusu mume wangu kumkaribia mama mara moja tu. Ni siku alipombeba mteremkoni pamoja na wengine kwenda kumzika, akikanyaga sawasawa kwa miguu yote miwili.