Farasi Asiye na Mzigo

Farasi aliyelowa mvua ana harufu yake, si ya mbuzi wala ya ng'ombe. Ni jasho lililochanganyika na majani yaliyoanza kuvunda, na ukimshika shingoni inakaa mkononi hata ukinawa. Hiyo ndiyo harufu ya masika ninayoyakumbuka, huku juu Uluguru, ambako baba yangu alikuwa mtunza farasi wa misheni. Farasi tulimwita Kijivu. Padre alimpanda kwenda vigango vya juu, yale makanisa madogo kusikofika gari. Sasa Kijivu aliteguka mguu wa nyuma, akafungiwa bandani miezi mingi, na alipotoka mguu umepona lakini nyama za mgongo na mapaja zimekwisha. Alitembea kama mtu aliyeamka kutoka kwenye homa. Padre hakuzunguka maneno. Alisema mbele yetu kwamba mvua zikikatika, kama farasi hawezi kupanda mlima na mtu mgongoni, atampiga risasi. Mimi nilikuwa darasa la pili, na shule yangu iliishia hapo. Tangu siku hiyo hata mlango ukibamizwa na upepo nilikimbilia bandani.

Baba akaanza kumrudishia nguvu bila kumpanda. Kila asubuhi alilaza magogo chini, mimi nikavuta kamba taratibu, Kijivu akalazimika kuinua kwato moja moja. Halafu baba alimsukuma kifuani kwa kiganja, arudi nyuma, hatua kwa hatua, maana kurudi nyuma ndiko kunakoamsha mapaja. Nilimnyooshea karoti ubavuni kwake ili akunje shingo, kushoto, kisha kulia, na mwanzoni alikuwa mgumu kama mpini wa jembe. Mwisho tulimpandisha kwenye matuta ya shamba, yale ya ngazi, tuta moja tunapumzika, tuta la pili tunapumzika. "Mwenda pole hajikwai," baba alisema, na macho yake yako mawinguni, anapima mvua iliyobaki.

Kosa letu watu wa milimani ni hili: kwetu mtu hapandi mlima mikono mitupu. Mwanamke atakuwa na tenga kichwani na mtoto mgongoni, mzee atakuwa na hata ukuni mmoja. Kupanda bure ni uvivu. Kwa hiyo watu walitucheka. "Mnamtembeza kama bibi harusi!" walisema. Ikaja siku mjomba wangu Mkude anatoka mnadani Mkuyuni, akamkuta mama anapanda na tenga la kabichi kichwani, na Kijivu anapanda pembeni yake mgongo mtupu, mimi na baba tukimwongoza.

"Shemeji," akamwambia baba, "dada yangu ni punda, na huyu ndiye mtu?"

"Bado hajapata nguvu, shemeji. Mgongo bado."

"Nguvu atazipata wapi kama habebi? Wewe ulizipata kwa kulala? Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mlete hapa."

Kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Baba alikuwa amejenga kwenye ardhi ya mama, na kwenye ardhi hiyo neno la mjomba halijibiwi. Baba akamleta. Wakamfunga Kijivu matenga mawili. Akapanda tuta la kwanza, la pili, na kwenye la tatu mapaja yakaanza kutetemeka, miguu ya nyuma ikakunjika, akakaa chini kwenye tope kama mbwa. Kabichi zikaporomoka mpaka mtoni. Mjomba akasema, "Kumbe kweli mgonjwa," akaondoka zake. Mimi nilibaki nimeshika kamba, nikisikiliza kama bunduki imeshalia.

Tulirudi kwenye magogo, tukaanza upya, na mvua zilikuwa zinapungua. Sikuwahi kuombea mvua kama mwaka ule, na mama alinichapa kwa hilo, maharage yalikuwa yanaoza. Siku Padre alipokuja na tandiko, ardhi ilikuwa imekauka. Alimpanda, mtu mzito yule. Katikati ya mlima Kijivu akasimama, na Padre akainua fimbo. "Mwache apumue, Baba," baba yangu akasema. Fimbo ikashuka. Farasi akapumua, akapanda mpaka kigangoni.

Leo kigango kile pikipiki zinafika, na mjukuu wangu Rehema aliangushwa na moja, akavunjika paja. Hospitali ya mjini wamemrudisha na mazoezi: avuke kijiti, arudi nyuma kinyumenyume, akunje goti. Majirani wanakuja kunipa pole, wanakunywa chai yangu, kisha wanauliza mbona msichana mzima anavuka vijiti uani wakati karoti zinangoja kung'olewa. Kaka yake alileta ndoo. "Bibi, abebe hata nusu, atazoea." Usingizi huwa sipati, nikiogopa mguu ule utakunjika. Lakini baba alikuwa mkwe, alimnyamazia mjomba kwa sababu hakuwa na pa kusimama. Mimi shamba hili ni la mama yangu, na sasa ni langu. Nilimwambia kaka yake, "Rudisha ndoo." Akairudisha.