Gauni Jekundu Kwenye Kamba

Belo la mitumba linapofunguliwa, harufu yake hunirudisha Bigwa, uani mwa nyumba ya kanisa. Mama, mke wa mchungaji, alikuwa amefua na kuanika gauni jekundu la mtumba lisilofika magotini. Tukiwa tunakunywa chai, akina mama wa kanisa wakaingia. Mchungaji aliyetutangulia alihamishwa kwa maneno yao juu ya mkewe.

Shikamoo yangu haikuitikiwa. Walikuwa wanatazama kamba.

“Mama Mchungaji, hilo gauni la nani?”

Baba aliinamia kikombe chake. Mama akaendelea kuwamiminia wageni chai.

“Langu. Lingekuwa limekauka, mngenikuta nimelivaa.”

Sauti yake ilikuwa tulivu. Kifuniko cha birika ndicho kilichokuwa kikitetemeka.