Wimbo wa Tisa wa Evodia

Ukipita stendi ya Lushoto ukataja jina la Evodia, hutakosa mtu wa kucheka. Atakusimulia habari ya yule mama wa Kwai aliyevaa nguo za fedha akaimba eti anahamia mwezini. Wacheke tu. Mimi nilicheka kabla yao, tena kwa sauti, na ndiyo maana leo nimeiacha cherehani nikae niwaelezeni.

Naitwa Selina. Ni fundi wa nguo za kike, kibaraza changu kiko nyuma ya soko. Watu wananijua kwa mambo mawili, mshono ulionyooka na mdomo mrefu. Evodia nilimjua kabla hajawa mtu wa redioni. Tulizaliwa Kwai mwaka mmoja, tukabatizwa Jumapili moja, tukaingia kwaya ya watoto meno ya utotoni bado yanang'oka. Baba yake alikuwa na ng'ombe wanne wa maziwa. Asubuhi yeye hubeba ndoo moja na mimi nyingine mpaka barabarani, na njia nzima anaimba, nami naitikia.

Kwetu wimbo ni wa watu wawili, anayeanzisha na anayeitikia. Iwe kwenye palizi, iwe harusini, iwe msibani, mtu akianzisha haachwi hewani. Hata kama jana mligombania mpaka wa shamba, leo akianzisha unamwitikia kwanza, ugomvi mtaendelea nao baadaye. Bibi yangu alikuwa akisema kwamba kumnyima mtu itikio ni kumzika huku anakutazama. Tulikuwa tunamcheka bibi.

Mwaka 2004 Evodia alitoa wimbo wake mkubwa, "Njoo Kabla ya Ukungu". Yeye anaimba, "Njoo kabla ya ukungu," mimi naitikia, "Naja, usifunge mlango." Basi, ni hayo tu. Lakini wimbo ule ulipigwa Tanga, ukapigwa Dar es Salaam, ukafika kwenye harusi za watu ambao ukungu wenyewe hawajawahi kuuona. Alipopanda jukwaani nilisimama hatua mbili nyuma yake, mkono wa kushoto. Magauni yake yote nilishona mimi. Vipimo vyake sikuviandika popote, nilikuwa navyo kichwani: kifua, kiuno, mabega, shingo inchi kumi na tatu na nusu. Miaka kumi na minane nilimvalisha na kumwitikia, na sikuwahi kutamani kusimama mbele.

Muziki una wakubwa wake wa kila msimu. Walikuja watoto wapya na midundo mipya, simu za mapromota zikakatika. Evodia akarudi kwenye kabichi na miti yake ya matunda damu, tukabaki na harusi za Shume na vipaimara. Hakulalamika. Mimi ndiye niliyelalamika kwa niaba yake.

Mwezi wa sita mwaka 2023, baridi ikiwa kali kweli, alikuja kibarazani amejizungushia mtandio mzito shingoni. Nilikuwa na mteja, mama Saumu anayeuza vitambaa duka la pili, naye akasikia kila kitu. Evodia aliagiza chai, hakuinywa.

"Selina, natoa albamu," akasema. "Nyimbo tisa. Inaitwa Mwaka 2095. Ni muziki wa kompyuta, natengeneza na Kristian."

Kristian ni kijana wa Tanga aliyefungua studio kwenye chumba nyuma ya duka la simu. Namjua, hana adabu mbaya. Nikamwambia Evodia vizuri, tunaanza lini mazoezi, na gauni analitaka la rangi gani.

Akatazama kikombe. "Safari hii maitikio yatafanywa na kompyuta. Inachukua sauti yangu, inanijibu yenyewe. Na nguo zinatoka Dar es Salaam."

Mama Saumu aliacha kuhesabu vifungo. Nisiwafiche, niliumia kama nimechomwa sindano ya cherehani, na mimi sindano ilishanitoboa kidole mara tatu, naijua. Miaka kumi na minane, halafu nasikia mbele ya mteja kwamba mashine imechukua nafasi yangu, na cherehani ya mtu mwingine imechukua iliyobaki. Ningemwuliza kwa nini. Kuuliza si ujinga. Lakini mdomo ulishatangulia.

"Haya, nenda na kompyuta yako," nikamwambia. "Na siku ukifa ikakushonee sanda."

Alisimama, akavuta mtandio ukapanda mpaka kidevuni, akasema, "Hongea, Selina," ile asante yetu ya nyumbani, akaondoka. Nilidhani ananikejeli. Jioni ile ile nikaifunga namba yake kwenye simu yangu isiweze kunipigia.

Albamu ilizinduliwa mwezi wa tisa, Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa mjini. Nilikwenda. Nilijiambia naenda kuangalia mshono wa hao mafundi wa Dar es Salaam. Mama Saumu alinishika mkono tukakaa mstari wa tatu.

Evodia alitoka na gauni la fedha linalometameta, kola imepanda mpaka masikioni. "Amevaa sufuria," nikamwambia mama Saumu, na mstari mzima ukaangua kicheko. Kola mbaya ilikuwa, imesimama bila sababu. Hata kugeuza kichwa hakuweza, anageuka na mabega.

Nyimbo zenyewe, jamani, nitasema kweli. Mbili zilikuwa nzuri. Mmoja ulikuwa wa mnara wa simu unaozungumza na msitu, ule ulinisisimua ngozi huku sitaki. Zilizobaki zilikuwa fujo. Sauti yake ilikuwa imekazwa na mashine ikawa kama inatoka kwenye bomba, na huo wimbo wa mwezini, mtu ambaye hata Shume hajawahi kulala wiki nzima. Vijana walirekodi kwa simu wakicheka. Wazee wa kanisani walitazama miguu yao. Na kila aliposema neno, sauti yake mwenyewe ilimjibu kutoka kwenye spika, mara tano, mara kumi, Evodia wengi tupu. Nilichukia kila mmoja wao.

Mwisho akamwashiria Kristian anyamazishe mashine. Ukumbi ukatulia. Akaanza, bila chombo chochote, ule wa zamani. "Njoo kabla ya ukungu." Sauti ilikuwa nyembamba, ina mkwaruzo. Kisha akanyamaza, akageuka na mabega yake yote mpaka akanikuta kwenye mstari wa tatu.

Nililisikia itikio likinipanda kooni lenyewe. Mama Saumu alinipiga kiwiko, akanong'ona, "Mwitikie mwenzio." Niliuma meno. Nikasema moyoni, iitikie kompyuta.

Alisubiri. Akaanzisha mara ya pili, akasubiri tena, na mimi niliinamia mkoba wangu nikajifanya natafuta kitambaa. Watu walidhani ndiyo mtindo wenyewe wa mwaka 2095. Mwishowe Kristian alibonyeza kitu, midundo ikajaa ukumbini, Evodia akainama kuaga. Nilirudi nyumbani nimeshinda.

Mjini walisambaziana albamu ile kwenye flashi na kwenye simu, zaidi kwa kuchekana. Walisema hata wimbo wa tisa ni mbovu, unakatikakatika. Unaitwa "Ukungu". Evodia anaimba mstari, halafu kimya kitupu kwa kitambo, halafu mstari mwingine, halafu kimya tena. Nilipoambiwa nilifurahi. Nikasema ndiyo faida ya kuitegemea mashine.

Mwezi wa kumi na moja Kristian alikuja kibarazani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama umekuja kushona suruali, mimi nashona za kike."

Hakucheka. Alivuta kigoda akakaa, akaniuliza kama nimeshakwenda Kwai kumwona mgonjwa. Nikamwuliza mgonjwa gani.

Ndipo akanieleza. Evodia alikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingoni. Lilianza kuvimba mwaka uliotangulia, tena lilikuwa linakua kuelekea ndani, likibana koo. Madaktari wa hospitali kubwa walimwambia kweli mapema: uvimbe lazima utolewe, na mshipa wa fahamu wa sauti umepita hapo hapo, huenda ukapona na huenda usipone. Akaomba miezi michache aimbe mara ya mwisho. Sauti ilikuwa imeshaanza kumkimbia, ndiyo maana Kristian aliishikilia kwa mashine. Mtandio haukuwa wa baridi. Kola haikuwa ya mwezini.

"Kwa nini hakuniambia mimi?" nikamwuliza.

"Alisema ukimshonea utampima shingo. Na ukimwitikia utasikia sauti yake mara moja. Alisema ukijua utalia, na wewe ukilia na yeye hataweza kuimba."

Nilikaa na mkasi mkononi. Nikamwuliza, kwa sauti ndogo, kuhusu wimbo wa tisa.

"Ule haukuharibika, mama. Nilitaka kujaza yale mapengo, akanikataza. Alisema hizo nane chukua wewe na kompyuta yako, huu wa tisa ni wa Selina, atakuja tu. Alikupigia simu wiki nzima. Siku ya mwisho ya kurekodi tulikaa studio tangu asubuhi tukikusubiri."

Watu husema hasira hasara, nami nimelisema neno hilo kwa wateja wangu wengi, wanawake waliogombana na waume zao, nikiwa nimeuma pini mdomoni. Siku hiyo nilifunga kibaraza saa tano asubuhi. Nilipanda kwenda Kwai nikilia mbele za watu, na yeyote aliyenisalimu sikumwitikia.

Nilimkuta amekaa jikoni karibu na moto, amekonda, kanga imemwanguka mabegani. Shingo ilikuwa wazi. Kovu limekata chini ya koo kutoka upande hadi upande, mshono safi, wa mtu anayeijua kazi yake. Madaktari waliuokoa uhai. Sauti haikurudi.

Nilipiga magoti sakafuni. Nikasema nisamehe, nikasema lile neno la sanda lifutike, nikasema mengi hayana mpangilio. Aliniacha nikamaliza. Kisha akasogeza mdomo kwenye sikio langu, maana anachoweza sasa ni kunong'ona, pumzi tupu yenye maneno ndani.

"Kompyuta ilikataa kushona sanda," akasema. "Ilisema mpaka uje wewe."

Alikuwa anatabasamu. Nilicheka na kulia kwa pamoja, makamasi na yote, akanipangusa kwa ncha ya kanga yake. Nikatoa utepe wangu wa kupimia, sijui kwa nini, labda mikono ilitaka kazi, nikampima shingo taratibu juu ya lile kovu. Inchi kumi na mbili. Nikamwambia nitakushonea gauni la kola ya chini, atakayetazama atazame.

Kisha nikamwomba. Nikamwambia simu ninayo, wimbo wa tisa Kristian kanirushia humu, niruhusu niitikie sasa, naye ataliingiza itikio langu. Akatikisa kichwa. Akanivuta tena karibu.

"Nimeshaanzisha mara nyingi," akanong'ona. "Leo anzisha wewe."

Maisha yangu yote sikuwahi kuanzisha. Nilikohoa, nikashika ukingo wa kigoda chake. Nikaimba, "Njoo kabla ya ukungu." Sauti yangu ilitetemeka, lakini ilifika mwisho wa mstari.

Evodia alifumba macho, akafungua mdomo. Niliiona midomo yake ikiyatengeneza maneno yote, naja, usifunge mlango, na kovu likipanda na kushuka shingoni. Hakikutoka kitu. Kuni zililia motoni.

Nikaanzisha mara ya pili, nikasubiri.