Bundi wa Machimbo ya Ruiru

Jumamosi iliyopita nilikuwa Ngoliba na kikundi chetu cha wapiga picha za ndege. Tulikuwa tumeshapata kwera mtoni na hondohondo kule kwenye miiba, kiongozi wetu alipotuonyesha bundi amelala juu ya mgunga. Kamera zote zikainuka. Yangu niliiacha ikining'inia shingoni, na wewe rafiki yangu nitakwambia kwa nini.

Nililelewa na shosho, yaani bibi yangu, huko Ruiru, pembeni mwa shamba la kahawa, enzi ambazo asubuhi ilinuka maganda ya kahawa na uji uliochacha. Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa na darubini moja tu, na kila Jumamosi alitutembeza kuwatafuta ndege. Ndiye aliyetuonyesha bundi jike kwenye shimo la ukuta wa machimbo ya mawe, na makinda wawili weupe kama pamba. Akatuapisha tusimtajie mtu kiota kile, hata nyumbani. Kwetu bundi akilia karibu na boma, watu huanza kuulizana ni nani atakayekufa.

Mwaka huo shosho alikohoa sana. Jioni bundi alipolia, aliacha kuchambua maharagwe.

"Kairitu, msichana wangu, huyo ananiita mimi."

Niliogopa, maana sikuwa na mtu mwingine duniani. Nikamwambia siri yote ili atulie: ni mama tu yule, anawatafutia watoto wake panya, anakaa pale machimboni. Shosho akacheka kidogo, akarudia maharagwe yake. Lakini jirani yetu alikuwa ameketi nasi jikoni, na alimpenda shosho kama mamake mzazi.

Kesho yake alikuja mbio, jasho likimtoka. "Shosho, sasa utapona. Tumemmaliza na mawe."

Mwalimu aliuliza darasani nani alisema. Nilitazama daftari langu.

Jioni zikawa kimya. Siku moja shosho akaniuliza, "Na wale watoto wake, nani anawalisha?" Nilikuwa nimewaona asubuhi hiyo, wamelala chini kwenye vumbi la mawe, hawapumui. Nikamwambia wamekua, wameruka zao.

Machimbo yale yalifukiwa, yakajengwa magorofa ya kupangisha. Kahawa iling'olewa, na mwalimu alihamishwa, sijui yuko wapi. Hayo nimeyazoea. Hili sijalizoea: shosho alifariki kabla ya mvua, akiamini kwamba waliruka.