Jiwe Lililochanua Wandegeya

Idarani chuoni walikwisha kuniambia, tena kwa upole unaoudhi kuliko matusi, kwamba mmea ule haufugiki nyumbani. Huota juu ya miamba, mahali mto unapokimbia kwa kasi, na ukitolewa huko huoza. Kwa macho ni uchafu wa kijani uliogandia jiwe, kumbe ni mmea wa maua kamili. Bila ua, alisema mwalimu wangu, hakuna wa kuthibitisha ni wa aina gani, na muhula ukiisha hivyo utafiti wangu unafungwa. Mimi ni mbishi tangu tumboni. Nikalileta jiwe langu, na mmea wake juu, kutoka maporomoko ya Nile hadi nyumba ya kupanga nyuma ya soko la Wandegeya, ninakoishi na mama.

Nikalitia katika beseni kubwa barazani, nikafunga pampu ndogo ya kulirushia maji mchana kutwa. Mmea ukashika. Majirani wakaja kumtazama msomi anayeogesha jiwe, nami nikawaacha wacheke. Asiyejua maana haambiwi maana.

Shida ilikuwa mama. Alistaafu polisi, kitengo cha barabarani, na miaka yake yote alikaa katika kambi ambamo bomba lilitoa maji asubuhi tu, watu wakapanga madumu foleni. Mtu wa hivyo hawezi kusikia maji yakitiririka akatulia. Kila akipita anazima pampu.

"Mama, utaniulia mmea!"

"Maji inalia siku yote kama bomba imepasuka, na wewe unaangalia tu. Hiyo raha ulitoa wapi?"

Nikiwasha, anazima. Tukanuniana, tukapatana, tukanuniana tena. Kisha kazi ikanipeleka Kyambogo kwa siku kadhaa, nikalala hukohuko. Nilimsihi asiguse kitu, akaitikia vizuri mno, nami nikamwamini.

Niliporudi pampu ilikuwa kimya. Maji yalibaki kidogo chini ya beseni, na mgongo wa jiwe ulikuwa nje, mkavu. Kwenye kamba zilining'inia shuka zetu zote.

"Maji safi namna hiyo, imekaa bure," mama alisema. "Nimefua."

Nililia, sifichi. Nililia kwa hasira hadi jirani akachungulia. Nikainama nilitoe jiwe nikalitupe, na hapo nikayaona. Maua! Madogo kama punje za simsim, meupe, yamesimama juu ya jiwe lote.

Mtoni ndivyo inavyokuwa. Kiangazi kikija maji hushuka, mwamba hutokeza, na mmea huchanua upesi kabla haujakauka. Nililijua hilo fika. Lakini baada ya ua mmea hufa, nami nilikuwa na jiwe moja tu, kwa hiyo kila siku niliahirisha kupunguza maji. Mama yeye alikuwa na nguo za kufua.

"Mama, yatanyauka! Lazima mwalimu ayaone leo."

Hakuuliza la pili. Alisokota kanga, akajitwisha beseni na jiwe ndani yake, akatangulia. Kwenye njia panda ya Wandegeya magari na bodaboda hazikutaka kutupisha. Mama, katika kitenge na kandambili, akaingia barabarani na kunyoosha mkono mmoja. Barabara nzima ikasimama. Nilivuka nyuma yake kichwa juu, na laiti wangekuwepo wote walionicheka.

Mwalimu aliyatazama maua kwa kioo chake cha kukuzia muda mrefu. Akainuka akanishika mkono, akautikisa kwa nguvu, akasema aina imejulikana na utafiti unaendelea. Nilitaka kupiga vigelegele palepale ofisini.

"Wengi wameshindwa," akasema. "Mmefanyaje?"

Nilikuwa nimeshafungua kinywa nieleze habari za kiangazi. Mama akasimama wima, visigino pamoja.

"Afande, nilifunga maji."