Kwenda Igamba Kuiokoa Pikapu ya Baba

Mama alinipigia simu asubuhi: baba anauza pikapu, mnunuzi anatoka Nanyala jioni. Fundi wao amesema injini imechoka. Mama ana miguu mibovu. Bila gari hilo, kliniki ya Vwawa ataisikia tu redioni. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Tunduma. Nikatia taa ya kupimia kwenye mkoba, nikaondoka na hasira zangu.

Tunduma hadi Mlowo, kosta ilijipenyeza kwenye foleni ya malori ya Zambia kwa ubishi wa dereva, kisha ikateleza vizuri. Kuanzia Mlowo nikapanda bodaboda, vumbi na mashamba ya kahawa kila upande. Nilikuwa nimesahau kwamba kwetu ni kuzuri hivi.

Igamba, saa saba mchana, baba alikuwa anaifuta pikapu kwa kitambaa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mama yako kakuita?"

"Kaniita. Kwa nini unauza?"

"Inamisi, injini inakatakata. Ilishamwacha mama yako porini na mvua juu. Sitaki tena."

Akawasha, injini ikatetemeka. Nikachomoa soketi za koili zinazowasha silinda, moja baada ya nyingine. Kila nikichomoa, injini ilizidi kudhoofu. Ya tatu nilipoichomoa, injini haikuwa na habari. Silinda iliyolala ni hiyo. Nikaiwekea koili ya silinda ya jirani, nikaiwekea na plagi yake, bado imelala. Nikagusisha taa kwenye soketi: haikuwaka. Umeme haufiki.

"Baba, gari linalala wapi?"

"Ghalani, na mahindi. Wezi wengi siku hizi."

Nikaufuata waya kwa vidole hadi nyuma ya injini. Panya alikuwa amejijengea humo kwa maganda ya mahindi, na waya kautafuna ukabaki uzi. Nilicheka mpaka mama akatoka jikoni. Nikaunga, nikafunga tepu. Injini ikatulia.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," mama akasema.

Baba alichukua ufunguo. Alilipandisha gari kilimani mara mbili, peke yake.

Jioni akanirudisha Mlowo, mama katikati yetu. Nilichojifunza ni hiki: kabla ya kuilaumu injini, uliza gari linalala na nani.

Njiani simu ikaita. Baba akasimama pembeni kuipokea.

"Samahani ndugu yangu, gari limeshapata mtu."

"Nani tena?" mama akauliza kwa woga.

"Wewe. Jumatatu tunakwenda kliniki."

 Mama alinishika mkono, akauminya mpaka tukaiona barabara kuu.